Cheti cha Chuo Binafsi: Tumuulize Aliyetoa Leseni

(Haya ndiyo niliyozungumza kwenye kongamano la vijana wa chama. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, salamu ndefu nimeziacha.)



Mimi nasoma sheria, mwaka wa tatu, chuo binafsi. Naanza na hilo makusudi. Mwaka jana nilipeleka barua ya kuomba fildi kwenye ofisi moja ya mawakili. Dada wa mapokezi akasoma kichwa cha barua tu, akaniuliza, "Hicho chuo kipo?" Waliokaa kwenye benchi wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilipofika hosteli nililia, maana mama yangu ameuza nusu eka ya shamba ili nisome kwenye chuo hicho ambacho "hakipo".

Mmeniuliza: waajiri wanaheshimu cheti cha chuo ambacho mwenyewe anatafuta faida? Sizunguki. Mlangoni, wapo wengi wasiokiheshimu.

Serikalini, kwenye karatasi, tuko sawa. Tangazo la Sekretarieti ya Ajira linataka shahada ya chuo kinachotambulika, basi. Usaili wa kuandika mnafanya wote, maswali yaleyale. Kwa mwajiri binafsi ni habari nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa rangi, kabila, dini, jinsia, hata maoni ya kisiasa. Nimeisoma orodha yote. Jina la chuo halimo. Akiweka barua yako pembeni kwa sababu hiyo, kumshtaki si kazi nyepesi.

Lakini jamani, tuwe wakweli. Shaka ya mwajiri haikutoka hewani. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Sawa, ilikuwa kazi yake. Ila nauliza: leseni ya kufungua vyuo vile ilitolewa na nani? Si ni TCU hiyohiyo? Mzazi aliona chuo kina kibali cha serikali, akalipa. Baadaye serikali inasema chuo hakina sifa. Mwenye chuo ada anayo. Aliyebaki na cheti cha kutiliwa shaka ni mtoto wa mkulima.

Na wenzetu wa vyuo vya umma msitabasamu sana. Mwaka 2022, pale Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, hii tunayoiita Law School, watahiniwa walikuwa 633. Waliofaulu moja kwa moja ni 26. Wenye sapu 342, waliodisko 265. Walitoka vyuo vya umma na vya binafsi. Kelele zilivyozidi, serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Mwakyembe. Yaani watu wana shahada mkononi, wamepiga picha na joho, ndipo nchi inagundua kuna tatizo!

Kwa hiyo mimi sitaki tuombe waajiri watuonee huruma. Chama chetu kidai mambo mawili. Kwanza, ukaguzi wa walimu, maktaba na maabara ufanyike kabla ada haijapokelewa, na matokeo yake yabandikwe hadharani. Pili, chuo kikifungiwa kwa kosa la mwenyewe, arudishe ada ya watu. Muuza simu mbovu tunamdai hela yetu. Muuza shahada mbovu kwa nini tumwache?

Na wewe unayemaliza kidato cha sita, usidanganywe na bango la barabarani. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU, utafute kozi yenyewe, siyo jina la chuo tu. Chuo kinaweza kuwa na ithibati, kozi yako isiwe nayo.

Nimalizie. Fildi nilipata, kwa wakili mmoja ana chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Siku ya kwanza alinipa faili, akasema, "Niandalie hati ya madai." Niliiandika mara nne, mara tatu akaichana. Aliniuliza nasoma chuo gani siku ya mwisho, wakati anajaza fomu yangu.

Ile hati ya madai sikuifundishwa chuoni, makamanda. Na ada nilikuwa nimelipa yote.