KIFARANGA MNYONGE SI WA KUTUPWA
(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia vya Changamwe)



Nimeombwa tuongee juu ya mayai na vifaranga. Huenda mtu akasema, "Jamani, kuku nao ni jambo la kuzungumzwa kanisani?" Ndiyo. Bwana wetu alipoisikitikia Yerusalemu alijifananisha na kuku anayekusanya vifaranga vyake chini ya mbawa. Someni Mathayo 23:37. Hakumtaja tai wala simba. Alimtaja ndege ambaye kila mama hapa anamfahamu. Tena kuku ndiye benki ya mama: mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, jogoo mmoja huokoa mambo.

Katika vikundi vyetu siku hizi kuna hoja kubwa: tutoe pesa za mzunguko tununue mashine ya kuangulia mayai. Mimi sipingi mashine. Lakini pesa hizo ni jasho la watu wengi, na mashine haimfundishi mtu kazi. Kumbukeni usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, na sehemu nyingi zikakaa gizani mpaka siku ya pili. Mwenye mayai mashinini bila maarifa alifanya nini usiku ule? Kwa hiyo leo nasema hivi: tujifunze kwanza kwa kuku wenyewe, kisha mashine tutaijadili.

KUCHAGUA MAYAI

Yai la dukani mara nyingi halina mbegu, kwa sababu kuku wa mayai hufugwa bila jogoo. Ulalie miezi mitatu, hutaona kitu. Chukua mayai ya kuku wanaotembea na jogoo; jogoo mmoja anatosha kuku kumi hivi. Acha mayai yenye ufa, yaliyopinda, na yaliyo makubwa au madogo kupita kiasi. Usiyaoshe, kwa maana maji huingiza uchafu ndani kupitia vitundu vidogo vya ganda.

Yai la kulaliwa lisizidi siku saba tangu litagwe. Hapa kwetu wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, joto ni jingi, basi lisizidi siku tano. Sababu ni kwamba mbegu huanza kukua kidogo kidogo yai likipata joto, hata kabla halijalaliwa, halafu ikafa. Yaweke ndani ya chungu kilichozikwa nusu katika mchanga wenye unyevu, pembeni mwa nyumba penye kivuli, ncha nyembamba ikielekea chini.

KUKU WA KULALIA

Tangu mwaka 1976, serikali ilipoanzisha mpango wa taifa wa kuendeleza ufugaji wa kuku, wakulima wamehimizwa kuchanganya kuku wa kienyeji na wa jamii bora. Chotara hukua upesi na hutaga sana. Lakini wengi wao wamepoteza tabia ya kulalia. Kwa hiyo yule kuku wako mdogo wa kienyeji, mkali, anayevimba manyoya ukimkaribia kiotani, usimchinje kwa pupa. Huyo ndiye mashine isiyohitaji stima.

Mtengenezee kiota katika boksi au kikapu kipana, chini uweke udongo kidogo, juu nyasi kavu, na unyunyize majivu kuzuia chawa na utitiri. Kiota kisiwe karibu na mabati yanayochomwa na jua. Usiku mwekee mayai kumi hadi kumi na mawili, yote kwa wakati mmoja. Chakula na maji viwe karibu, ili asikae mbali na mayai kwa muda mrefu.

Hapa ndipo kikundi kinapokuwa na nguvu. Wanachama watatu wenye kuku wanaotaka kulalia waanze siku moja. Tuseme kila kuku apewe mayai 11, jumla ni 33. Yakianguliwa 24, mnawapa kuku wawili, kila mmoja vifaranga 12, na kuku wa tatu anarudi kutaga mapema. Mtu peke yake hawezi hesabu hiyo.

KUPIMA MAYAI

Siku ya saba, usiku, chukua tochi na kipande cha katoni chenye tundu dogo kuliko yai. Weka yai juu ya tundu, mwanga upite. Ukiona mishipa myembamba mfano wa utando wa buibui, yai lina uhai. Likiwa jeupe tupu, halina mbegu. Ukiona duara la damu bila mishipa, mbegu imekufa. Yasiyo na uhai yatoe, maana yai viza likipasuka huharibu mengine. Rudia siku ya kumi na nne. Kisha acha. Kuanzia siku ya kumi na nane usiyaguse kabisa.

Mwenye mashine ajue kwamba kazi yote ya mama kuku sasa ni yake. Joto liwe kama digrii 37 na nusu mpaka 38, mayai yageuzwe angalau mara tatu kwa siku hadi siku ya kumi na nane, na maji yasikauke ndani. Stima ikipotea, usifungue mlango kuchungulia. Funika mashine kwa blanketi, acha matundu ya hewa, na weka chupa za maji moto pembeni. Huko Misri watu wameangua mayai katika matanuri ya udongo kwa maelfu ya miaka bila stima. Fundi wao hupima joto kwa kulibandika yai kwenye kope ya jicho lake. Chombo chao kikubwa ni uangalifu.

SIKU YA ISHIRINI NA MOJA

Kifaranga akitoboa ganda, wengi wetu tunakosa subira. Tunabandua. Tafadhali tusifanye hivyo. Tangu kutoboa mpaka kutoka inaweza kupita siku nzima, na katika muda huo damu iliyo kwenye utando inarudi mwilini mwake, na kiini cha yai kinaingia tumboni. Ukimvuta, anatoka damu, anakufa mikononi mwako.

Zikipita saa 24 tangu atoboe na hajasogea, sauti imekuwa ndogo, na utando umekauka kama karatasi, hapo unaweza kusaidia. Nawa mikono. Loanisha utando kwa kitambaa chenye maji vuguvugu. Ondoa ganda vipande vidogo kuzunguka upande mnene wa yai. Ukiona damu, simama, mrudishe kwenye joto, ungoje. Asukume mwenyewe sehemu ya mwisho.

KUMSAIDIA KIFARANGA MNYONGE

Shikeni utaratibu huu: kwanza joto, pili maji, tatu chakula. Kifaranga aliyepoa ukimmiminia maji anaweza kupaliwa na kufa.

Joto. Mweke kwenye boksi lenye kitambaa, pamoja na chupa ya maji moto iliyofungwa kwa nguo. Au tumia balbu, au kandili iliyozungushiwa wavu. Msidanganyike kwamba Mombasa ni joto; usiku wa mvua ya kusi kifaranga mwenye umande hufa kwa baridi. Wiki ya kwanza anataka digrii 32 hadi 35. Kama huna kipimajoto, watazame wenyewe: wakibanana, wana baridi, wakikimbilia pembeni na kutweta, wamezidiwa na joto, wakitawanyika kwa raha, ni sawa. Usiweke jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa, kwani hewa yake huua vifaranga na watu pia.

Maji. Chemsha, yapoe yawe vuguvugu, utie kijiko kimoja kikubwa cha sukari kwa nusu lita. Hayo ni ya siku ya kwanza tu. Dondosha tone moja pembeni mwa mdomo, angoje ameze, ndipo jingine. Wanaokunywa wenyewe wape sahani fupi yenye vijiwe, wasizame.

Chakula. Usimlazimishe siku ya kwanza. Kile kiini kilichoingia tumboni kinamtosha siku mbili au tatu. Akisimama, mpe chakula cha vifaranga, au kiini cha yai lililochemshwa, kilichopondwa, kidogo tu.

Akiwa na miguu iliyopanuka, mtoe kwenye gazeti, maana linateleza, umweke juu ya gunia. Funga miguu kwa utepe laini wa kitambaa, ikae umbali wake wa kawaida, siku mbili hadi nne. Akizibwa na mavi nyuma, lainisha kwa maji vuguvugu, usivute. Kitovu kilicho wazi kipake ayodini.

Kifaranga asiyesimama wala kunywa baada ya siku mbili, au mwenye kitovu kinachonuka, atengwe mara moja. Tujaribu, lakini tusiwaponze wenzake. Na watoto wetu wasiwabusu vifaranga, wanawe mikono kwa sabuni.

WALINZI NA CHANJO

Kuna methali: kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Lakini kunguru hajui methali. Wale kunguru wa Bara Hindi wamekuwa balaa hapa pwani, hata mwaka 2024 serikali ikatangaza mpango wa kuwaua milioni moja. Vifaranga wafungiwe chini ya tenga au wavu wiki nne za kwanza.

Adui mkubwa zaidi ni kideri, ambao hufagia boma zima kwa siku chache. Chanjo yake ni tone la jichoni, na kifaranga huanza kupata tangu wiki ya kwanza. Afisa wa mifugo atawapangia siku za kurudia. Chupa moja ina dozi nyingi, na ikishafunguliwa lazima itumike siku ile ile. Basi mtu mmoja mwenye vifaranga kumi anapoteza pesa, lakini kikundi kikichanja pamoja siku moja, kila mmoja atalipa kidogo. Na kuku mgeni hakosi kamba mguuni: anayetoka sokoni atengwe wiki mbili.

NENO LA MWISHO

Kila kikundi kichukue daftari, kiandike: mayai yaliyowekwa, yasiyo na mbegu, yaliyoanguliwa, na vifaranga waliofikisha siku thelathini wakiwa hai. Fanyeni hivyo kwa awamu tatu za kulalia. Kama vifaranga wengi wanafika siku thelathini, nendeni mkanunue mashine kwa moyo mweupe. Kama wanakufa, mashine itawaletea vifo vingi zaidi kwa pesa nyingi zaidi. Daftari ndilo litakaloamua, wala si kelele za mkutanoni.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.