Nauli ni Ndogo Kuliko Sanda
(Hotuba ya mwanachama mwenzetu, muuguzi mstaafu, siku ya maadhimisho ya miaka 10)



Awali ya yote nawapongeza kwa kutimiza miaka 10. Tulianza na hisa ndogo ndogo na sanduku la kufuli tatu. Leo wapo waliosomesha watoto na walioezeka bati. Hongereni sana.

Nimeombwa niseme juu ya kansa, yaani saratani. Nitaanza na daftari letu. Miaka yote 10 mfuko wa jamii umetoa pesa za misiba na za wagonjwa waliokwisha lala kitandani. Hakuna mstari hata mmoja wa nauli ya kwenda kupimwa mtu angali mzima. Hapo ndipo penye kidonda.

Kansa inayoongoza kwa akina mama wa Tanzania ni ya mlango wa kizazi. Karibu yote huletwa na kirusi kiitwacho HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Si kurogwa, wala si alama ya uhuni. Hata aliyetulia na mume mmoja anaweza kukipata. Kikibaki mwilini, huchukua miaka mingi kuleta kansa, na miaka hiyo huumwi popote. Ndiyo nafasi yetu hiyo. Mhudumu hupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama pana weupe. Akiuona, mara nyingi hutibu siku hiyo hiyo. Ukingoja mpaka utoke damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, huenda umechelewa. Na kutoka hapa Sumbawanga hadi Ocean Road, Dar es Salaam, kwenye tiba ya mionzi, ni zaidi ya kilometa 1,000.

Basi mwenye miaka 30 hadi 50 akapimwe. Anayeishi na VVU aanze mapema zaidi, maana hatari yake ni kama mara 6. Mabinti wa miaka 9 hadi 14 wachanjwe. Chanjo hii ilianza nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu, bila malipo. Haizuii kuzaa.

Yapo na mengine. Tuache tumbaku, hata ugoro. Tupunguze pombe, kwani huchangia kansa ya koo, ini na titi. Baridi ya Ufipa hutufungia jikoni na moshi wa kuni, tufungue dirisha. Mahindi na karanga tuanike juu ya turubai, na zenye ukungu tutupe, tusizipikie pombe. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huleta kansa ya ini. Ukigusa uvimbe kwenye titi, usiufiche.

Nakiri jambo moja. Nilihimiza wengine miaka mingi, mwenyewe nikapimwa nikiwa na miaka 44. Niliogopa majibu. Kwa hiyo simcheki anayeogopa.

Ombi langu: kila mwezi tutenge nauli ya wanachama watano, waende pamoja. Nitawasindikiza. Rambirambi tutaendelea kutoa, lakini nauli ni ndogo kuliko sanda.