Watunzi Walio Hai, na Wimbo Ambao Bado Haujaandikwa

Hotuba ya katibu wa kwaya katika sherehe ya Jubilei ya miaka 25



Baba Paroko, masista wetu, mwenyekiti wa baraza la parokia, walezi wa kwaya, wanakwaya wa zamani na wa sasa, wageni kutoka vigangoni na makanisa jirani: karibuni nyote. Ninyi mliovuka daraja la Tana asubuhi ya leo mkitoka mbali, poleni kwa joto na asanteni kwa kufika.

Historia ya kwaya mtaisikia kwa mwenyekiti. Mimi kamati iliniomba niseme machache juu ya watunzi wa muziki tunaouimba, na nimechagua watunzi walio hai. Sababu yangu naitaja mapema ili msinisubiri: mtunzi aliye hai anaweza kuombwa jambo. Handel alifariki mwaka 1759. Aleluya yake ni nzuri na tutaendelea kuiimba kila Pasaka, lakini Handel hatuwezi kumwambia kwamba tena wetu wawili wamepata uhamisho kwenda Kitui na besi mmoja yuko zamu hospitalini. Aliye hai tunaweza kumwambia, naye akachukua kalamu akatuandikia kadiri ya sauti tulizo nazo.

Nianze na watunzi wa mbali, kisha turudi nyumbani.

Huko Estonia yuko mzee Arvo Pärt, aliyezaliwa tarehe 11 Septemba 1935. Alikulia chini ya utawala wa Kisovieti, na mwaka 1968 wimbo wake uitwao Credo, yaani Nasadiki, ulimletea matatizo makubwa na wakubwa wa serikali kwa sababu ulimkiri Kristo waziwazi. Miaka iliyofuata aliandika kidogo sana. Alirudi kusoma nyimbo za kale za Kanisa, na mwaka 1976 akatokea na mtindo mpya unaoeleweka hata na mwanakwaya wa wiki ya kwanza. Chukueni sauti mbili. Moja inatembea hatua kwa hatua, la, ti, do, re, mi. Nyingine inabaki nyumbani, inagusa noti tatu tu, la, do, mi. Inayotembea na inayobaki zinakutana, zinagusana, zinaachana. Msingi wenyewe ni huo, na muziki uliojengwa juu yake sasa unaimbwa duniani kote. Ninampenda Pärt kwa sababu ametuonyesha kwamba uchache wa sauti si umaskini. Kwaya ya watu kumi wanaosikilizana inaweza kumwimba.

Wa pili ni James MacMillan wa Scotland, aliyezaliwa mwaka 1959, Mkatoliki. Papa Benedikto wa 16 alipozuru Uingereza Septemba 2010, Misa iliyoimbwa na umati wa waumini ilitungwa na yeye. Okestra kubwa za dunia hupiga kazi zake. Lakini sifa inayonigusa zaidi ni hii: kwa miaka mingi mtu huyohuyo aliongoza kwaya ndogo ya parokia ya Mtakatifu Columba mjini Glasgow, akiitungia zaburi za katikati za Jumapili. Wale hawakuwa waimbaji wa kulipwa. Walikuwa waumini wa kawaida, kama sisi, wenye kazi zao na watoto wao. Kwa hiyo mwanakwaya akisema kwamba mtunzi mkubwa hawezi kujali kwaya ndogo, mwambieni habari za Glasgow.

Wa tatu mnaufahamu wimbo wake hata kama jina lake hamlijui. Ni Christopher Tin, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1976. Rafiki yake waliyekaa naye chumba kimoja chuoni Stanford alikuwa anatengeneza mchezo wa kompyuta, akamwomba wimbo wa kuufungulia. Tin akaandika Baba Yetu, sala ya Bwana kwa Kiswahili, na aliyemsaidia kwa maneno ni Mkenya, Chris Kiagiri. Mchezo ulitoka mwaka 2005. Mwaka 2011 wimbo huo ukapata tuzo ya Grammy, mara ya kwanza kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta. Leo kwaya za Ulaya, Asia na Marekani zinajifunza kutamka Kiswahili kwa ajili yake. Angalieni ulivyoanza: rafiki alimwomba rafiki, na mwenye lugha akaombwa msaada. Asingeombwa, asingeandika.

Tukaribie nyumbani. Uganda imetupa Justinian Tamusuza, aliyezaliwa mwaka 1951 na aliyefundisha muziki Chuo Kikuu cha Makerere. Aliandika kazi ya ala nne za nyuzi, fidla mbili, viola na selo, akaipa jina la Kiganda lenye maana ya Katika Njia ya Msalaba. Ala ni za Ulaya, lakini ukisikiliza unasikia midundo na ala za Buganda ndani yake. Sehemu ya kwanza ilirekodiwa na kundi la Kronos Quartet la Marekani katika albamu yao ya muziki wa Afrika ya mwaka 1992. Tamusuza hakuona haja ya kuuacha muziki wa kwao ndipo aandike kwa noti.

Na hapa kwetu? Fungueni faili la nyimbo. Mtamkuta Bernard Mukasa wa Tanzania. Mtamkuta Alfred Ossonga wa Kenya. Wapo na wengine wengi, walimu, mapadre, makatekista na wapiga kinanda, ambao nyimbo zao zimeshika Misa zetu tangu wimbo wa kuingia hadi wa shukrani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, ulisema mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misioni yapewe heshima na nafasi yake katika ibada. Watunzi hawa ndio walioyageuza maneno hayo kuwa noti. Tunaposema muziki wa kisasa ulioandikwa kwa ufundi, tusidhani unapatikana Ulaya peke yake. Unapatikana kwenye tovuti ya Swahili Music Notes, ambako noti za nyimbo zetu zimekusanywa kwa maelfu, na ukurasa wa kwanza wa wimbo una jina la mtunzi.

Jina hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Karatasi inanakiliwa, na nakala inatolewa nakala. Kila mara ukingo unakatwa kidogo, na sehemu ya kwanza kukatwa ni pembe ya juu kulia, penye jina la mtunzi. Baada ya miaka mitano kwaya inaimba wimbo wa "mtunzi hajulikani," wakati mtunzi mwenyewe yuko hai, ana simu, na pengine anasomesha watoto kwa shida. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Wazee walikuwa wameshasema kabla ya sheria: mcheza kwao hutunzwa. Mtunzi naye atunzwe.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Tarehe 2 Aprili 2015 ilikuwa Alhamisi Kuu. Kwaya zilikuwa zimemaliza mazoezi ya Siku Kuu Tatu za Pasaka. Alfajiri ile, hapa mjini kwetu, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Katika ukumbi huu wamo waliopoteza ndugu, wamo waliopoteza marafiki, na wamo waliosimama hospitalini siku ile kutoa damu, Wakristo na Waislamu kwa pamoja. Siwaambii habari msiyoijua.

Kila mwaka tunawaombea. Na kila mwaka tunawaimbia nyimbo za marehemu zilizotungwa kwa ajili ya misiba mingine na miji mingine. Ni nyimbo nzuri, na Mungu huzisikia. Lakini hakuna hata mmoja kwenye faili letu unaoutaja mto huu, jua hili, au vijana waliokuja kusoma wakalala huku. Mozart hawezi kutuandikia. Handel hawezi. Wimbo wa Garissa utaandikwa na mtu aliye hai, au hautaandikwa.

Baadhi yetu tulikuwapo mwaka ule. Wengi mmekuja baadaye kwa uhamisho, na wengi mtaondoka kwa uhamisho, kwa maana kwaya hii ni ya walimu, wauguzi, askari na wafanyabiashara wanaokuja na kwenda. Tunapoondoka tunaondoka na kumbukumbu zetu. Wimbo ulioandikwa kwa noti hauhamishwi. Atakayekuja mwaka 2050 ataufungua faili, atausoma, na atajua.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na kamati imeniruhusu niyaseme mbele yenu.

Kwanza, kuanzia Jumapili ijayo kila karatasi ya wimbo iwe na jina la mtunzi juu yake, na msomaji wa matangazo alitaje mara moja kwa mwezi, kama tunavyowataja wafadhili.

Pili, sehemu ya mchango wa leo iwekwe kando. Tumchague mtunzi mmoja aliye hai, tumwandikie barua ya heshima, tumweleze idadi ya sauti zetu kama zilivyo, tumweleze na tarehe 2 Aprili, tumlipe, na tumwombe wimbo. Tusimwombe wa kulipiza kisasi. Tumwombe wimbo ambao jirani yetu Mwislamu akipita nje ya ukuta na kuusikia, atajua kwamba na yeye ameombewa ndani yake.

Tatu, wale vijana wanaokuja mazoezini mapema na kuchezea kinanda kabla mwalimu hajafika, tusiwafukuze. Tuwafundishe solfa. Wimbo wa Taifa tunaousimamia ulipangwa mwaka 1963 kutokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto, na Wapokomo ni watu wa mto huuhuu wa Tana tunaokunywa maji yake. Mama aliyekuwa anambembeleza mwanawe hakujua kwamba anatungia taifa. Mtunzi wetu wa kesho pengine yupo miongoni mwa hao watoto wanaogongagonga kinanda, anangoja aambiwe tu kwamba watunzi ni watu, wana umri, wana majirani, na wengine wamewahi kuwa walimu wa kwaya ndogo za parokia.

Miaka 25 tumeimba nyimbo tulizopewa. Tumeziimba vizuri, na nawashukuru waliozitunga, waliotufundisha, na waliozinakili kwa mkono kabla parokia haijapata mashine. Miaka 25 inayokuja tutoe na sisi wimbo wetu, ili kwaya za Wajir, Mandera, Hola na kwingineko ziuimbe zikijua umetoka wapi.

Daftari la ahadi liko kwa mweka hazina, meza ya kushoto mkitoka. Mazoezi yanaendelea Jumamosi saa tisa kamili, na wageni wenye sauti ya tena wanakaribishwa kwa mikono miwili.

Hongereni kwa Jubilei. Mungu awabariki.