Hofu nayo ipimwe

Msikilizaji, korona ilipoingia nchini Tanzania Machi 2020, tulitangaziwa waliougua na waliofariki, na hata hesabu hiyo ilikoma mwishoni mwa Aprili. Hofu haikuwa na safu yake. Kipimo cha hofu kilikuwapo tangu 2006: maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, ukifikisha 10, kamwone mtaalamu.

Sasa msomee maswali hayo mkulima wa Mbwara, Rufiji. La mwisho linauliza: umeogopa kwamba jambo baya litatokea? Huyu ni mtu wa ukanda uliotikiswa na mauaji ya Kibiti na Rufiji mwaka 2017, kisha mafuriko ya Aprili 2024. Akijibu “kila siku”, huo ni ugonjwa au ni akili timamu? Alama peke yake haisemi. Atakayejua ni mhudumu wa afya wa jamii, anayeifahamu kaya ile.

Rufiji si ngeni kwa madodoso. Ufuatiliaji wa vizazi na vifo ulianza huko mwaka 1998, nyumba kwa nyumba. Wizara ya Afya iwafundishe wahudumu wa afya wa jamii kuuliza kuhusu hofu sasa, kabla ya janga jingine.