Uvimbe wa shingoni wa kuzaliwa nao: picha kwanza, kisu baadaye

Leo tunazungumzia uvimbe wa shingoni ambao asili yake ni tumboni mwa mama, ingawa mara nyingi huonekana mtoto akiwa na umri wa miaka kadhaa, pengine baada ya mafua ya kawaida.

Katika wiki ya 4 ya mimba, tezi ya thairoidi huanza kuumbika kwenye shina la ulimi, kisha hushuka hadi mbele ya koo, ikiacha nyuma yake njia nyembamba. Kwa kawaida njia hiyo hutoweka kabla ya mtoto kuzaliwa. Isipotoweka, sehemu yake huweza kujaa majimaji na kuwa kifuko katikati ya shingo.

Daktari huanza na jambo jepesi: humwambia mtoto ameze mate, kisha atoe ulimi. Uvimbe ukipanda juu, hiyo ni dalili kubwa. Hata hivyo, haitoshi. Yapasa ipigwe picha ya altrasaundi ili kuhakikisha kwamba tezi ipo mahali pake. Kwa watoto wachache, kinachodhaniwa kuwa kifuko ndiyo tezi yenyewe iliyokwama njiani, wala hawana nyingine. Ikiondolewa, mtoto atalazimika kumeza vidonge vya homoni maisha yake yote.

Kutumbua na kukamua hakuponyi, kwani mzizi hubaki. Kikiota usaha, kwa kawaida hutibiwa kwanza kwa antibiotiki, na upasuaji hungoja hadi uvimbe upoe.

Mwaka 1920, daktari mpasuaji Walter Sistrunk wa Mayo Clinic, nchini Marekani, alieleza njia inayofuatwa hadi leo. Pamoja na kifuko, huondolewa sehemu ya kati ya mfupa mdogo wa hayoidi, ulio juu ya zoloto, pamoja na njia yote hadi shina la ulimi. Kifuko kikiondolewa peke yake, uvimbe huweza kurudi kwa karibu nusu ya wagonjwa. Kwa njia ya Sistrunk, hurudi kwa chini ya 10 katika kila 100.

Vipo pia vifuko vya ubavuni mwa shingo, ambavyo huonekana zaidi kwa vijana. Lakini aliyepita miaka 40 akiota uvimbe wa namna hiyo, asiridhike kuambiwa alizaliwa nao kabla ya kupimwa chembe zake kwa sindano. Saratani ya findo au ya shina la ulimi huweza kujificha katika sura hiyo hiyo.

Basi mzazi, kabla ya kutia sahihi ya kukubali upasuaji, uliza maswali mawili: je, tezi imeonekana kwenye picha? Na je, sehemu ya mfupa itaondolewa? Daktari mwema hatachukizwa kuulizwa.