Deni la Kielelezo: Siti binti Saad, Shaaban Robert na Chimbuko la Hamasa katika Fasihi ya Kiswahili



Utangulizi

Swali la nani au nini humtia mtu moyo maishani huulizwa mara nyingi, na majibu yake yamezoeleka: mzazi, mwalimu, shujaa wa taifa, kitabu, nchi aliyozaliwa. Majibu hayo ni ya kweli, lakini aghalabu huishia kwenye majina. Ni mara chache kuulizwa jinsi maisha ya mtu mmoja yanavyoingia katika maisha ya mwingine na kuyageuza. Mhadhara huu unalichunguza suala hilo kwa mfano mmoja unaofahamika katika muziki na fasihi ya Kiswahili: Siti binti Saad wa Unguja, na Shaaban Robert aliyeandika wasifu wake. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mtu anayetia moyo huacha deni kwa wale waliovutwa naye, na deni hilo hulipwa kwa kazi.

Maneno na dhana

Inafaa kuanza na lugha yenyewe. Kiswahili kina maneno kadhaa yanayoigusa dhana hii, na kila moja linaiona kwa upande wake. Kutia moyo ni kumpa mtu nguvu ya kuendelea na jambo alilokwisha kulianza au analoliogopa. Kuhamasisha, kitenzi kilichotokana na neno la asili ya Kiarabu, hamasa, kina joto zaidi ndani yake: mtu huchochewa hadi akainuka. Ilhamu, neno jingine la asili hiyohiyo, huhusishwa na jambo linaloshushwa moyoni bila kutafutwa. Ndiyo maana washairi wamelipenda. Msukumo unatokana na kusukuma, na mvuto unatokana na kuvuta: mmoja huja kutoka nyuma, mwingine hutoka mbele.

Hata hivyo, neno lenye uzito zaidi kwa mjadala huu ni kielelezo. Kielelezo ni kitu kinachowekwa mbele ya macho ili kifuatishwe. Mwanafunzi wa ususi huwekewa mkeka uliokamilika, naye husuka akiutazama. Neno hilo linadai mambo mawili kwa pamoja: kwamba mfano uwe karibu kiasi cha kuonekana, na kwamba anayeutazama awe na kazi mikononi. Methali isemayo mwana wa mhunzi asiposana huvukuta ina maana hiyohiyo. Mtoto aliyekulia karibu na moto wa mhunzi hawezi kutoka mikono mitupu. Asipoweza kufua chuma, walau atajua kuvukuta mifuo.

Siti kabla ya sifa

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, mnamo miaka ya 1880, katika familia yenye asili ya utumwa. Wazazi wake walitoka katika jamii za bara, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Hali ya kisheria ya utumwa Unguja haikufutwa hadi 1897, na hata baada ya hapo hadhi ya mtu mjini iliendelea kupimwa kwa nasaba yake, mavazi yake na lugha aliyoisema. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata baadaye. Katika majina hayo mawili kuna historia nzima ya jamii iliyokuwa ikibadilika.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ufinyanzi, kazi ya mama yake. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza akivinadi. Mnamo 1911 alihamia mjini, akajifunza kuimba kwa kufuatana na ala za muziki. Hakuwa na elimu ya kusoma na kuandika; alichojifunza alikishika kwa sikio na kukihifadhi kichwani. Baadaye akaimba pamoja na mafundi kama Subeti Ambari, Maalim Shaaban na Mbaruku Effandi, waliokuwa wapigaji wa ala na washairi waliomzunguka.

Ni muhimu kukumbuka muziki huo ulikuwa wapi kabla yake. Historia ya taarabu humtaja Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, kuwa ndiye aliyemtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki. Kwa hiyo taarabu ilianza kama burudani ya jumba la mfalme, na iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri, naye akawa miongoni mwa sauti za kwanza za Kiswahili kusikika kwa njia hiyo katika Afrika Mashariki. Lugha ya watu wa sokoni ikatoka ndani ya chombo kilichohesabiwa kuwa cha kisasa kabisa wakati huo. Mtu aliyeketi mkahawani Mombasa au Dar es Salaam na kusikia maneno yake mwenyewe yakitoka katika santuri alitambua kuwa lugha yake inastahili kuhifadhiwa.

Sifa hizo hazikuja bila kejeli. Siti aliimbiwa mafumbo yaliyomkumbusha umaskini wake na nguo duni aliyoivaa alipoingia mjini. Alijibu kwa wimbo, akiipinga dhana kwamba thamani ya mtu ipo katika sura na ukoo, na kuiweka katika akili. Aliimba pia juu ya mambo ya mahakamani. Wimbo wa Kijiti, unaohusu mauaji ya mwanamke aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam, ulimtaja mshukiwa aliyetoroka kwenda bara, na kuuliza juu ya haki ya wanyonge mbele ya sheria. Waliovutwa naye walivutwa na mambo mengi: sauti, ujasiri, ufundi, na kule kuthubutu kusema lililokuwa likinong’onwa.

Kutoka kwa mwimbaji hadi kwa mwandishi

Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 katika eneo la Tanga na kufanya kazi ya ukarani katika idara ya forodha kuanzia 1926 hadi 1944, aliandika wasifu wake, uliochapishwa 1958. Uamuzi huo unahitaji kutazamwa kwa makini. Katika utamaduni wa maandishi wa pwani, waliozoea kuandikwa ni watawala, masharifu na mashujaa wa vita. Tendi ziliimba habari za mitume na za watu kama Fumo Liyongo. Shaaban Robert alimchukua mwanamke, mfinyanzi, asiyejua kusoma, mwenye asili ya utumwa, akamwandikia kitabu kwa nathari ileile ya heshima aliyoitumia katika kazi zake nyingine. Hapo ndipo deni linapoonekana. Mwimbaji alikipa Kiswahili hadhi kwa sauti. Mwandishi akailipa hadhi hiyo kwa kalamu.

Jambo hili halikuwa geni katika maisha yake ya uandishi. Katika Maisha Yangu aliweka tenzi mbili za wasia kwa watoto wake, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwana. Ndani ya tenzi hizo anaonekana kuupokea mkondo wa Mwana Kupona, aliyeutunga utendi wake mnamo 1858 akiwa mgonjwa, miaka miwili baada ya kifo cha mumewe, Bwana Mataka wa Siu, ili kumwachia bintiye mawaidha. Mama anayeumwa alimtazama binti mmoja. Utungo wake ukawa kielelezo kwa watunzi wa karne iliyofuata. Kilichotungwa kwa ajili ya mtu wa karibu ndicho kilichofika mbali.

Hatari ya sifa

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii humwonya anayesifiwa, lakini inaweza pia kumwonya anayesifu. Sifa zikizidi humfanya mtu kuwa sanamu, na sanamu haina jasho. Shaaban Robert mwenyewe alimchora Siti kama mfano wa maadili: mstahimilivu, mnyenyekevu, mwenye kushinda kwa subira. Picha hiyo ni ya kweli, ila haijakamilika. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu maisha ya mjini Unguja baada ya utumwa, alizirudia nyimbo na kumbukumbu za waliomsikia Siti, na akamwonyesha kama sauti iliyohoji matabaka na mahakama za wakoloni. Huyu wa pili ana makali zaidi ya yule wa kwanza.

Tofauti hiyo haimpunguzii hadhi mwandishi wala mwimbaji. Inaonyesha kuwa kila kizazi humwendea mtu yuleyule na haja yake. Shaaban Robert alitafuta utu; watafiti wa baadaye walitafuta haki; wanahabari wanawake wa Tanzania, walipoliita jarida lao Sauti ya Siti, walitafuta mwanamke anayesema hadharani. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alitafuta nyimbo zenyewe, akaziimba kwa namna yake hadi uzeeni. Wote hao walilipa deni kwa kufanya kazi. Aliyeishia kulitaja jina la Siti kwa fahari bado hajalipa.

Hitimisho

Kuna jambo zito ndani ya habari hii kwa wanafunzi wa Kiswahili. Kama wasifu ule usingeandikwa, sehemu kubwa ya maisha ya Siti ingezikwa pamoja naye, maana mwenyewe hakuweza kuyaandika. Zingebaki santuri na uvumi. Katika miji na vijiji vya Waswahili wapo hadi leo manju, wafinyanzi, walimu wa chuoni, manahodha na wakunga ambao maisha yao ni kielelezo kwa majirani na hayamo katika ukurasa wowote. Lugha yao ya kazi, majina ya zana zao na hekima yao hupotea siku wanapozikwa.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeulizwa ni nani anayemtia moyo hana budi kuongezewa swali la pili: amemfanyia kazi gani mtu huyo? Amemhoji? Ameuandika msamiati wake? Ameihifadhi sauti yake? Karani wa forodha alilijibu swali hilo kwa kitabu kimoja kifupi, na kwa sababu hiyo binti aliyeitwa Mtumwa anasomwa vyuoni. Mkeka umewekwa mbele ya macho. Ukindu nao umo mikononi mwa kila msomaji.