Kipindupindu Hakiulizi Cheti
Huduma za mji mdogo wakati wa mlipuko wa maradhi



Tumekutana ili tutafakari jambo ambalo mji mdogo wowote waweza kulikabili siku yoyote, yaani mlipuko wa maradhi ya kuambukiza. Hatukuja kufundisha uganga. Kazi hiyo wanayo waganga, wauguzi na mabwana afya. Twapenda kuzungumzia haki. Maana maradhi yaingiapo mjini, huduma tulizozizoea, kama vile bomba la maji, zahanati, soko na choo cha stendi, hugeuka kuwa mizani ya utu wetu. Nani apewe kwanza? Nani angoje? Nani afukuzwe?

Tuchukue mfano wa Kagunga. Hiki ni kijiji cha wavuvi mkoani Kigoma, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, karibu na mpaka wa Burundi. Nyuma yake kuna milima mikali na mbele yake kuna ziwa. Wenyeji walikuwa wapatao 11,000. Mwezi Aprili 2015 machafuko ya kisiasa yalizuka Burundi, watu wakaanza kuvuka mpaka, na baada ya majuma machache wageni wakawazidi wenyeji kwa idadi. Walilala ufukweni wakingoja meli ya MV Liemba iwapeleke Kigoma mjini, ambako walipokelewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Vyoo havikutosha, na maji ya ziwa yalikuwa ndiyo ya kunywa na ndiyo ya kuogea. Katikati ya Mei kipindupindu kilithibitishwa. Kabla mwezi huo haujaisha, wagonjwa walikuwa wamefikia 3,000, na watu wapatao 30 walikuwa wamefariki. Karibu wote walikuwa wakimbizi, lakini Watanzania nao walikuwamo.

Hali kama hiyo inapotokea, huwapo sauti inayosema, "Wageni ndio waliotuletea maradhi, waondoke." Ndugu, sauti hiyo ni nyepesi kutamkwa, lakini haina ukweli. Kipindupindu huenezwa na kinyesi kinachoingia katika maji au chakula. Watu wengi wakisongamana mahali pasipo vyoo wala maji safi, wataugua hata kama wote ni wazaliwa wa hapo. Mwezi Agosti mwaka huo huo wa 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingi na kufika Zanzibar, na kufikia mwaka uliofuata wagonjwa walikuwa wamezidi 20,000. Jijini hapakuwa na ufuko uliojaa wakimbizi. Palikuwa na maji yasiyo salama na vyoo vibovu, na hayo yalitosha.

Tena tufahamu jambo moja ambalo wengi hawalijui. Watu wengi walioambukizwa hawaonyeshi dalili kubwa, hata hivyo hutoa vimelea katika kinyesi chao kwa siku kadhaa, pengine hadi siku kumi. Basi mtu tunayemfukuza bombani kwa sababu hana kitambulisho, au hana fedha, au lafudhi yake si yetu, hataacha kunywa maji. Atakwenda kijitoni. Atajisaidia kichakani. Mvua itakaponyesha, kijito kile kitapita nyuma ya nyumba zetu. Ndiyo maana twasema kwamba huduma inayombagua mmoja haimlindi yeyote.

Kwa hiyo hatuna budi kuyaangalia mambo manne.

Kwanza, maji. Mwaka 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua kwamba kupata maji safi na salama ni haki ya binadamu. Kupandisha bei ya ndoo wakati wa mlipuko ni kumnyang'anya maskini haki hiyo. Kamati za maji ziombwe kutangaza bei hadharani na kuilinda, na wasiojiweza wachotewe bila malipo.

Pili, wagonjwa. Mtu aliyeugua sana aweza kufa katika muda wa saa chache, lakini akitibiwa mapema, karibu wote hupona. Anayeogopa kuchekwa au kuulizwa cheti cha uraia atajificha, nasi twajua kwamba mficha maradhi kilio kitamfichua. Mgonjwa apelekwe zahanati mara moja. Akiwa njiani anyweshwe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Yasipopatikana, lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yatiwe vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha.

Tatu, riziki. Mara nyingi amri ya kwanza inayotolewa ni kuwafunga mama lishe na wauza matunda. Hatupingi amri zinazookoa maisha. Lakini mama anayelisha watoto wake kwa sufuria moja ya wali, akifungiwa bila msaada, atapika kwa siri, gizani, bila maji ya kunawa. Ni afadhali apewe ndoo yenye bomba na sabuni, afundishwe kupakua chakula kingali moto, na akaguliwe kila siku. Ikilazimu kumfunga, basi jumuiya yake isimwache alale njaa.

Nne, misiba. Maiti ya aliyekufa kwa kipindupindu yaweza kuambukiza wanaoiosha, na chakula cha matanga kimewahi kuueneza ugonjwa huu mahali pengi. Tuwaachie wahudumu wa afya kazi ya kuosha, nasi tuwafariji wafiwa bila kula pamoja msibani. Ndugu wasinyimwe nafasi ya kuaga kwa mbali na kusali. Mkimbizi asiye na jamaa naye azikwe kwa jina lake, si kama mzigo.

Ndugu viongozi, msingoje mlipuko. Kila jumuiya ndogondogo ijue sasa ni nani katika eneo lake wasio na choo, wapangaji wasiojulikana ni akina nani, na wazee wanaoishi peke yao wako wapi. Kisha wajumbe wawili au watatu waende kwa mtendaji wa kata na kumwuliza kwa heshima: je, zahanati yetu ina pakiti za chumvichumvi na dawa ya kutakasa maji? Choo cha soko kitakarabatiwa lini? Wageni wasio na vyeti watatibiwa wapi? Majibu yaandikwe, yasomwe mbele ya jumuiya, na baada ya miezi mitatu wajumbe warudi kuuliza tena.